Bibi na Kibodi ya Boksi

Wewe, acha unachofanya! Natangaza kwa masikitiko makubwa kwamba nimesingiziwa. Mimi, mwizi wa kengele ya bweni, safari hii sina hatia.

Unakikumbuka kile chumba cha kompyuta kijijini kwetu, ambacho mwenyekiti amekipiga kufuli tangu mashine zije? Leo wafadhili wamekuja kukikagua. Mwenyekiti akakifungua, akawaketisha akina mama, akawanong'oneza, "Bonyezeni chochote, mradi muonekane mnasoma."

Mfadhili mmoja akasimama nyuma ya bibi yangu. Kwenye skrini: "Chumba hiki hufungwa. Leo ndiyo mara yetu ya kwanza kuingia."

Mara yetu ya kwanza kuingia! Nilitamani kupiga saluti.

Mwenyekiti akaninyooshea kidole. "Ni huyu mtundu!"

"Nimeandika mimi," bibi akasema.

"Mama, kompyuta umeijulia wapi?" mwenyekiti akamuuliza.

Umeijulia wapi! Likizo nzima nimemchorea herufi za kibodi kwenye boksi la sabuni, anabonyeza mpaka mboga zinaungua.

Mwenyekiti anataka niombe radhi mbele ya kijiji. Nimekataa. Afadhali nirudi shule nikapige deki muhula mzima.

Bibi akamwambia mwenyekiti, "Kama mimi mwongo, mwanangu, fungua kesho niandike watu wakiona."

Mfadhili akadakia, "Kesho saa tatu. Akiweza, ufunguo unakaa kwa akina mama."

Umeona? Ili mwenyekiti amuumbue bibi, lazima afungue mlango mwenyewe!

Nimetoka dukani sasa hivi. Maboksi ya sabuni yamekwisha. Kila mama kachukua lake.