Kibali cha Siku Moja

Jumatatu, 3 Septemba
Ofisi ya kijiji tena! Wiki nzima naambiwa bwana misitu katoka. Leo nimemkuta — anakula. Nikasubiri kwenye benchi mpaka akamaliza kunawa. Kasema kiangazi hiki hakuna kuchoma shamba bila kibali, kibali ni cha siku moja tu, na jirani wa mpakani lazima akubali. Jirani yangu ni mmoja, shemeji. Upande wa pili ni miti ya kijiji. Hapo akanyanyua kidole: atakayeunguza miti ile ananyang'anywa shamba, hakuna cha mjane wala yatima. Sikumwambia kama mimi ni mjane. Wanajua tu.

Jumanne, 4 Septemba
Nimekwenda kwa shemeji, mdogo wake marehemu. Kacheka mpaka akakaa chini. Eti siku hizi hata kujikuna tutaomba ruhusa! Magugu yake ni mara mbili ya yangu na hajawahi kuomba chochote. Ila kasaini. Akauliza nimepewa siku gani. Ijumaa, nikamwambia. "Vizuri, shemeji. Vizuri sana." Na mimi mjinga nikamshukuru.

Jumatano, 5 Septemba
Mgongo! Nimelima ukanda mtupu kuzunguka shamba lote, moto wangu usivuke kwenda kwa mtu. Mama mkwe kanikanda kwa maji ya moto, huku ananisema kwamba najitumikisha kama punda. Tangu mwanawe afariki tuko wawili tu humu ndani. Akikohoa naamka, nikichelewa shambani hali mpaka nirudi. Watu wanasema ana bahati ya mkwe.

Ijumaa, 7 Septemba
Upepo. Tangu asubuhi bati zinapigapiga. Kibali kinasema kukiwa na upepo usiwashe, basi nimekaa mlangoni na kiberiti changu, nimenuna. Jua linateremka na kibali kinateremka nalo. Kesho nianze upya: benchi, fomu, mhuri. Mvua haitanisubiri! Ngoja nikateke maji kwanza.

Jumamosi, 8 Septemba
Jana narudi kutoka kisimani — moshi! Moto umetoka kwa shemeji, umeruka ukanda wangu kama haupo, umekula mabua yangu yote, ukaingia kwenye miti ya kijiji. Tumeupiga kwa matawi mabichi mpaka giza. Shemeji ndiye aliyepiga kelele wa kwanza, ndiye aliyeshika tawi wa kwanza. Watu wakamsifu! Nilitaka kumtapikia miguuni.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, alimwona akiwasha. Kaniambia mwenyewe asubuhi, machozi yanamtoka: alimwita, hakusikia.

Shamba langu jeusi, lake jeusi. Nani atajua moto umeanzia wapi? Kijiji kizima, Ijumaa ile kimetolewa kibali kimoja. Changu! Asiyeomba hana hata herufi moja pale ofisini. Niliyefuata sheria ndiye mwenye ushahidi wa kuwasha. Laiti ningekuwa mhuni kama wenzangu.

Jumapili, 9 Septemba
Bwana misitu yuko sebuleni. Shemeji naye yupo, kavaa shati la kanisani. Mimi nimeambiwa nisubiri jikoni. Naandika juu ya gunia la unga, vinginevyo nitapiga ukelele. Ukuta ni mbao tupu, nasikia kila kitu.

Shemeji kasema yeye alikuwa mbali, aliona moshi tu. Mwongo!

Sasa anaulizwa mama mkwe. Ijumaa alikuwa nyumbani, je, alimwona aliyewasha? Kikombe kinagonga kisahani. Kaulizwa tena, kwa heshima.

Sema, mama. Jana umesema kwa kinywa chako. Sema tu.

"Baba," anasema, polepole, "mimi nilizaa wawili. Mmoja nimeshamzika."

Kikombe kinawekwa mezani.

Ananiita. "Mwanangu, njoo. Na kile kibali uje nacho."