Mistari Mitatu ya Mpakani

Nyumba ya juu, nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumatano, tarehe 9, mwezi wa nane.

Mpendwa dada yangu uliye mbali,

Pokea salamu tele. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, kile kikohozi kimemwacha? Sisi wazima, ila mimi nina jambo limenikaa kooni, halishuki wala halitoki.

Nasikia unatafuta wa kumwachia shamba lako la kati, na mdogo wetu, kitindamimba, amekwisha kuliomba. Nisikie kwanza mimi mkubwa, niliyeshika plau yeye bado ananyonya.

Unakumbuka alipoacha mahindi misimu miwili akapanda majani ya ng'ombe, yale yatambaayo yenye vijiganda kama vya kunde? Nilimcheka mpaka mbavu zikauma. Nikamwita Bwana Nyasi, jina likamganda. Majani yakavuka mpaka yakaingia kwangu. Nikamshtaki kwa wazee ayang'oe, hakuyang'oa. Nami sikuyagusa, uchafu wake mkono wake. Wakati wa kulima nikayafukia tu.

Msimu huu kapanda mahindi palepale penye majani. Dada, yamesimama kama askari wa gwaride. Kavuna magunia kumi na manane. Mimi, shamba la ukubwa uleule, manane. Tangu siku hiyo chakula nakitafuna tu, utamu siusikii.

Lakini kwangu nako kulikuwa na mistari mitatu ya mahindi, pale mpakani, yaliyorefuka kuliko ya mtu yeyote. Kabla ya kuvuna nikaita watu waje waone mkono wa mkulima wa kweli. Bwana Nyasi naye akaja, kafuatana na bwana shamba. Huyo bwana shamba kachimba kidogo, katoa mzizi wa yale majani una vinundu, akasema hivyo ndivyo vinavyolisha udongo, na mahindi yanayofuata yanakuta meza imeandaliwa.

Bwana Nyasi hakucheka. Aliniuliza kwa adabu, "Kaka, mistari hii mitatu umelima wewe, au nimekulimia mimi?" Watu wote wakashikwa na kikohozi.

Basi nimefikiri. Shamba lako mpe yeye kwanza, misimu miwili, apande nyasi zake. Kisha mnyang'anye unipe mimi, nipande mahindi. Ila usimwambie nimesema mimi. Sema ni akili yako.

Wasalimie shemeji na wapwa wangu, hasa yule fundi cherehani. Mungu akulinde, na goti akunyooshee.

Wako akupendaye kuliko anavyokupenda Bwana Nyasi,
Kaka yako mkubwa.