Baba na Karata za Katuni

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza kwa namna nyingine.

Arobaini yako imekwisha juzi. Hitima wamesoma wanafunzi wako wa madrasa, wale wakubwa, na watu wametoka Nanyamba mpaka Kitaya. Mama hajambo. Jana amekula ming'oko, vile viazi vya porini, nusu sahani, akalalamika kuwa haina chumvi. Nilifurahi kumsikia akilalamika.

Kuna jambo nilitakiwa kukwambia ulipokuwa hai, nikashindwa. Ndiyo maana naandika.

Nilikuwa na miaka kumi na saba uliponikuta uani kwa jirani nacheza karata na wenzangu. Ulizikusanya zote ukazitia motoni, ukasema mbele ya kila mtu, "Binti wa mwalimu wa madrasa amekuwa mtu wa kijiweni." Wiki ile ile nikaenda kwa mama mdogo, Dar es Salaam. Nilikaa miaka tisa. Barua nilimwandikia Mama tu, na mwishoni niliweka "msalimie Baba" kwa sababu ya adabu.

Kilichonirudisha ni ugonjwa wako. Nilikukuta umekaa sebuleni pale nyumbani Mtawanya, kiharusi kimekupiga, mkono wa kulia umelala mapajani, maneno yanatoka nusunusu. Wewe uliyefundisha watoto kutamka kila herufi ya Kurani mahali pake, ukawa hutaki kufungua kinywa watu wakusikie. Dada wa mazoezi kutoka hospitali alikuletea mpira wa kubinya. Ukautupa.

Mimi nilikuja na kompyuta yangu ya kuchapia kazi za watu, ile ya mezani, yenye kisogo kizito. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa karata wenye wale watu wa katuni za Kijapani ambao watoto wa mtaa mzima walikuwa wakikimbilia kuwatazama kwenye mabanda ya video. Kila kadi ina mtu wake na nguvu zake. Unaweka ya kwako, kompyuta inaweka ya kwake, mwenye nguvu zaidi anabaki. Alasiri moja nilikuwa nacheza, nimekupa mgongo. Nikasikia kiti kinasogea.

"Hizo... karata?" ukauliza.

"Ni katuni, Baba."

Ulijua nakwepa. Lakini ulikaa.

Nikauchukua mkono wako ule mgonjwa nikauweka juu ya kipanya. Siku ya kwanza kidole hakikubonyeza hata mara moja. Siku ya nne kikabonyeza, kadi ikaenda pasipo pake, tukashindwa vibaya. Ukasema, "Tena." Tangu nirudi, lile ndilo neno la kwanza nililosikia likikutoka bila kukwama.

Kisha ukaanza kuwapa majina. Mwenye nywele za miiba ukamwita Nungunungu. Binti mwenye macho kama visahani ukamwita Mama Mkwe, mpaka Mama akaweka ungo chini, akacheka huku amejishika mbavu. Mzee mwenye ndevu nyeupe hukumpa jina. Ulisema, "Huyu mwacheni, ni mwenzangu." Umeme ukikatika ulininunia mimi, kana kwamba nimeukata. Na majina yale yalikuwa yanakufungua ulimi, mimi na Mama tukisikiliza tu, tunaogopa kuharibu. Msimu wa korosho ulipokwisha ulikuwa unashika kijiko mwenyewe. Mwezi wa Ramadhani ukarudi madrasani.

Sasa nalifikia lile jambo. Siku moja tulikaribia kuishinda kompyuta, imebaki kadi moja. Mkono wako ukasimama. Ukasema, "Zile karata zako, nilizichoma kwa hasira, nikasingizia dini. Na yale maneno mbele za watu, mwanangu, nilikosea."

Sijapata kumsikia mzazi wa rika lako akimwambia mtoto wake hivyo. Nami nikajibu nini? "Weka kadi, Baba. Zamu yako."

Ukaweka. Tukashinda. Mama alikuja mbio akidhani tunagombana.

Nilitazama skrini ili usinione nalia. Baada ya hapo kila siku nilisema kesho nitakwambia, na hizo kesho zikafika miaka mitatu. Nilikuwa nimekusamehe, Baba, hata kabla hujamaliza kusema. Na wewe unisamehe. Miaka ile tisa ya kukunyamazia, mingi ilikuwa kiburi changu tu. Hasira ilikwisha mapema.

Wanaokuja kunipa pole wananihurumia kwa kumpoteza baba. Sijui niwaeleze vipi kwamba mimi nilimpata. Ningebaki Dar kwa ukaidi, ningerudi kuonyeshwa kaburi. Badala yake nilipewa miaka mitatu ya baba anayecheka, anayebishana na katuni, anayegonga mlango wangu baada ya swala na kuuliza, "Mwanangu, una nafasi?" Ahsante, Baba. Ahsante kwa kusogeza kile kiti.

Sirudi Dar es Salaam. Kazi ya kuchapa ipo hata hapa, na Mama nitakaa naye mimi. Nakuahidi, huko uliko usimwazie.

Mwenyezi Mungu akulaze pema, na uulizwapo kaburini akupe kauli thabiti, isiyokwama hata herufi moja.

Mwanao,
Somoe