Tulichochoma Uani kwa Bi. Wanda

Toledo, Ohio
9 Novemba

Dada Rosalie,

Theluji imewahi mwaka huu, na mtambo wa kupasha nyumba joto umegoma tena. Mbwa wetu ni mzima.

Zile hati za madeni tulizonunua kwa fedha tuliyopata kwa kuuza nyumba ya mama zimefika. Wadaiwa walikopa mara ya pili kwa kuweka rehani nyumba zao zilezile, wakashindwa kulipa, benki zikakata tamaa zikatuuzia kwa bei ya kutupa. Sasa wa kuwadai ni sisi. Hati ya saba ni ya Bi. Wanda, jirani aliyemuuguza mama.

Nilimpigia simu kumweleza habari ya deni, akacheka. "Acha utani, Leonard! Deni si tulilichoma? Na kiberiti uliwasha wewe!"

Kweli. Alipomaliza kulipia nyumba alialika mtaa mzima, tukachoma karatasi za mkopo uani, tukala soseji. Lakini ule ulikuwa mkopo wa kwanza. Wa pili aliuchukua kumtibia mumewe.

"Huo? Benki imenyamaza miaka kumi na miwili, mwanangu. Nilijua wamenisamehe."

Nikamwambia asipolipa, nyumba yake inaweza kuuzwa. Akauliza, "Sasa anayenidai ni nani?"

Nilikata simu.

Jana nililifuta deni kwa mwanasheria, nikampelekea hati. Safari hii kiberiti aliwasha yeye.

Nusu ya hati ile ilikuwa yako, dada. Sikukuuliza kwanza, kwa sababu niliogopa ungekataa.

Mdogo wako,
Leonard