Tamthilia Niliyosema Inakufaa

Mdogo wangu Dafroza,

Siku Mama alipokurudisha Nyabusozi kwa mama mdogo, alisema huna adabu, kwa sababu ulikuwa humwamkii mzee jirani yetu. Mimi nilisimama mlangoni, ndoo yako mkononi. Naandika kwa kuwa kwa mdomo najua sitaweza.

Unakumbuka mchana ule tunachambua maharage sebuleni, nikaweka ile tamthilia niliyoazima kwa mwenzangu wa shule? Mwanzoni yalitokea maandishi ya Kiingereza. Mama akauliza, "Yanasemaje hayo?" Yalisema ni kisa cha kweli, kina mauaji, wasitazame walio chini ya miaka kumi na minane. Wewe ulikuwa na kumi na tatu, mimi kumi na saba.

Nikasema, "Mambo ya polisi tu, Mama. Inafundisha."

"Na huyu mdogo, inamfaa?"

"Inamfaa."

Akachukua jembe akaenda zake shambani ameridhika, maana humo ndani mwenye Kiingereza ni mimi. Nikishasema, imekwisha. Na mimi nilitaka tu kuimaliza. Darasani wote walikuwa wanaisimulia, nikachoka kuwa yule asiye na la kuchangia.

Ulinisogelea mpaka bega likagusa bega. "Dada, huyu si ndiye anayemsalimiaga?" Ndiye. Jirani mpole, kila siku anamsalimia binti njiani, kumbe ndiye muuaji. Mwisho kabisa wakaonyesha picha ya binti mwenyewe, yule wa kweli, kavaa sare ya shule anacheka. Ukauliza, "Kwa hiyo huyu alikufa kweli?"

Nikakucheka. "Acha ushamba, Ulaya huko."

Wiki ileile ukaanza kwenda kisimani kwa njia ya juu, ya kuzunguka. Mzee wa watu anakuita, "Mjukuu, leo hunioni?" wewe mbio, maji yanamwagika. Mama akakuuliza mbele yake, "Shikamoo inakuchubua mdomo?" Ukaniangalia mimi. Ulikuwa unangoja niseme. Nikainamia daftari.

Nimefikiri sana kama kitu kile kinafaa vijana. Labda kinafaa, kama kijana ana mtu wa kumuuliza ambaye hatamcheka. Wewe ulikuwa na mimi. Na kusema kweli hata mimi hakikunifaa: yule mzee akinisalimia namwitikia vizuri, lakini vidole vimekaza kwenye ndoo, na nageuka nyuma mara mbili kabla ya kufika kwenye migomba. Tofauti yetu ni kwamba mimi naweza kujifanya.

Juzi nilimwambia Mama. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha. Baadaye sana akasema, "Kumbe mtoto alikuwa anaogopa, mimi nikamwaibisha mbele ya watu." Akamenya nyingine. "Na wewe ulijua."

Hakunipiga. Heri angenipiga.

Jumamosi anakuja huko kukuomba urudi. Yeye, mtu mzima, anakuja kukuomba wewe. Nisingekuambia, ila usije ukadhani ametumwa na mimi. Aliniambia twende wote, nikajibu nina mtihani.

Sina mtihani, Dafroza. Naogopa utakavyoniangalia.

Ukirudi au usiporudi, ubaki salama.

Dada yako