Mashimo ya Bembea

Njombe, Jumatano

Kaka Clemens,

Habari za Manda, na wifi Zita hajambo? Kile kisiwa cha mtoni hapa mjini, tulikolima vinyungu vya mboga na mama, sasa ni bustani ya mapumziko. Watu wanachoma nyama na kupiga picha za harusi.

Unasema Pasaka utaleta watoto wacheze. Sikia kwanza. Mzaliwa wako wa kwanza, yule aliyefariki kabla ya ubatizo, mimi na mama tulimzika pale, kwa desturi ya wanawake, bila msalaba wala kuwaonyesha wanaume. Juzi mwenyekiti wa mtaa aliuliza mkutanoni kama kisiwani kuna kaburi. Mbele ya wanaume wale nilisema hakuna.

Jumatatu wanachimba mashimo ya bembea. Njoo kabla. Zita anapajua, kila akija Njombe huniomba nimsindikize mtoni.

Dada yako,
Esnath