Maji Kwenye Sufuria

Jumamosi, Mlali

Na fundi bado anasubiri jibu: afunge zile jeki zinazolisawazisha gari zenyewe, au tuendelee na mbao zetu?

Tukisafiri tunalala humu humu garini. Mume wangu huingiza mbao chini ya tairi ili gari lisilale upande, mimi ndani naangalia maji kwenye sufuria mpaka yakae sawa.

"Bado, Mama Neema?"

"Bado kidogo."

Leo aliinama, akashindwa kuinuka. Akajifanya anakagua tairi. Nami nikajifanya naangalia maji, ingawa yalishatulia.

Jeki hataki hata kuzisikia. Mgongo wake hauna shida, anasema.

Sasa anakoroma. Kesho nitamwambia macho yangu yamechoka na sufuria. Kwa ajili yake hatakubali kamwe. Kwa ajili yangu, atamwamsha fundi alfajiri azifunge jeki.